SOMO: Kutafuta mahali DNA ya bakteria inapoanzia kujinakili

Wakuu, kila msimu wa project vijana wa vyuo vya Moshi na Arusha mnanijazia meseji za swali hilihili. Naandika mara moja, basi.

1. Pakua jenomu (DNA yote) ya bakteria E. coli K-12 kutoka NCBI, hifadhidata ya bure ya mtandaoni. Haifiki MB 5.

2. DNA huandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Anza na jumla ya sifuri, pita herufi moja moja: G ongeza 1, C punguza 1, A na T ruka.

3. Chora grafu ya jumla hiyo. Inapozama chini kabisa ndipo jirani na oriC, yaani mahali kunakili kunapoanzia. Utaiona kati ya herufi ya 3,920,000 na 3,930,000. Kileleni ni karibu na kunakoishia.

4. Hapa ndipo mnapoangukia. Kata herufi 1,000 kila upande wa bonde, tafuta TTATCCACA, mahali inapojishika DnaA, protini inayoanzisha kunakili. DNA ina nyuzi mbili na DnaA inashika wowote, kwa hiyo tafuta pia TGTGGATAA. Msigeuze mpangilio tu mkapata ACACCTATT, wala msibadilishe jozi tu (A kwa T, G kwa C) mkapata AATAGGTGT. Yote mawili kwa pamoja! Halafu ruhusuni herufi ya tano ibadilike.

5. Pembeni yake kuna eneo lenye A na T tele. Hapo nyuzi huachana kwanza, maana A na T zimeshikana kwa bondi mbili, G na C tatu.

Kijana_Majengo: Mkuu nimepata moja tu, somo lako lina makosa.
— Uzi wa pili umetafuta? Hatua ya 4.

Sakina2: Na binadamu natafuta neno hilohilo?
— Kichwa kinasema bakteria.

Mama_Kiborloni: Shikamoo mwalimu. Kwa nini G na C zisilingane?
— Marahaba mama, swali zuri. Uzi mmoja hunakiliwa vipande vipande, kwa hiyo hukaa wazi muda mrefu ukisubiri. Ukiwa wazi, C huharibika kirahisi ikawa U, nayo husomwa kama T. Vizazi na vizazi, C zinapungua upande huo, G zinabaki nyingi. Pale mwanzo upande unabadilika, ndiyo maana grafu inageuka.

Mama_Kiborloni: Na hamira ya mandazi je?
— Ina neno lake la herufi 11, karibu zote A na T. Ila neno hilo limetapakaa mara maelfu, na sehemu zinazotumika ni kama 400. Neno peke yake halitoshi, lazima DNA ya hapo isiwe imefungwa na protini nyingine. Binadamu hana hata neno maalumu, kwake uwazi wa eneo ndio unaobeba uzito.

Kijana_Majengo: Nimezipata, samahani mkuu. Ila Excel imegoma.
— Inaishia mstari wa 1,048,576. Andika jumla kila baada ya herufi 1,000, utabaki na mistari 4,600 hivi.