Tengeneza ubao wa taa za LED unaoonyesha meseji za madereva ofisini

Kwa ofisi za tours hapa Arusha hiki kitu kinasaidia kweli, dereva akiandika kwenye grupu "nimepita Makuyuni" au "tairi, nachelewa" kila mtu anaisoma ukutani, hata yule aliye kaunta na mgeni ambaye si vizuri achezee simu. Grupu liwe la Telegram, sio WhatsApp, maana Telegram inakuruhusu kutengeneza bure boti, yaani akaunti inayoendeshwa na programu, ya kusoma meseji za grupu.

Tafuta ESP32 moja (kibodi kidogo cha kompyuta chenye wifi), moduli mbili za taa za MAX7219 zile zenye vipande vinne vya taa 8x8, waya za kuchomeka na chaja ya 5V yenye 2A au zaidi. Moduli moja usihangaike nayo, inaonyesha herufi tano tu, mbili zikiungana unapata kama kumi na hapo mtu anasoma vizuri.

Waya kutoka moduli kwenda ESP32 ni hivi: DIN (data) pini 23, CLK (saa) pini 18, CS (kuchagua moduli) pini 5. VCC (umeme) ya taa itoke kwenye chaja moja kwa moja, usiitoe kwenye 3V3 ya ESP32, ila GND (hasi) zote ziungane. Mwangaza unaanzia 0 mpaka 15, ndani ya ofisi weka 2 inatosha kabisa na umeme unakula kidogo.

Nenda Telegram kwa BotFather, boti ya Telegram yenyewe ya kutengeneza boti, andika /newbot, atakupa tokeni, yaani ufunguo wa siri wa boti yako, usimpe mtu. Sasa sikiliza hapa, wengi wanakwama: boti kwenye grupu kwa kawaida haioni meseji za kawaida, so andika /setprivacy uchague Disable, halafu itoe boti kwenye grupu uirudishe upya.

Kwenye Arduino IDE, programu ya kompyuta ya kuandikia kodi ya ESP32, weka laibrari za MD_Parola, MD_MAX72XX, UniversalTelegramBot na ArduinoJson, aina ya moduli chagua FC16_HW, maandishi yakitoka yamegeuka jaribu aina nyingine. Kuangalia meseji mpya kunasimamisha kila kitu kwa muda, maandishi yanaganda katikati ya neno, kwa hiyo iangalie pale tu displayAnimate, amri ya MD_Parola ya kusogeza maandishi, inaporudisha true, yaani maandishi yakishamaliza kupita. Ruhusu chat id (namba ya utambulisho) ya grupu lenu peke yake, la sivyo yeyote akiijua boti anaandika ukutani kwenu. Emoji zichuje zote zinatoka takataka, Kiswahili chenyewe kinasomeka chote maana hakina herufi za alama juu.

Na mimi naona msionyeshe kila meseji, humo kuna majina ya wageni na namba zao za simu na watu wanaingia ofisini, kubalianeni ya ukutani ianze na # na programu iache nyingine zote.

Wifi iwe ya 2.4GHz, ESP32 haishiki 5GHz, na kama mna UPS ya ruta chomeka ubao humohumo, umeme ukikatika madereva bado wako barabarani.