Nafsi ya kwanza au ya tatu: namna ya kuamua kabla ya kuandika insha ya mtihani

Kila mwaka wafinalisti, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wanapoanza kujiandaa kwa Mtihani wa Serikali, swali moja hunirudia hapa Lubumbashi kutoka kwa wanafunzi wa mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi: je, katika insha ya mtihani inaruhusiwa kuandika "mimi"? Wengi wao wamekwisha kuambiwa kwamba "je" ya Kifaransa, yaani "mimi", ni marufuku, na wanalishika agizo hilo bila kuuliza limetoka wapi. Matokeo yake ni insha zinazoikimbia nafsi ya kwanza katika aya ya kwanza, zikaangukia "sisi" katika aya ya pili, na kufikia mwisho zikimwita msomaji "ndugu yangu".

Agizo lenyewe lina nusu ya ukweli. Insha ya Mtihani wa Serikali, mtihani ambao nchi yetu ya Kongo imekuwa nao tangu mwaka 1967, huandikwa kwa Kifaransa katika sehemu iitwayo "hors-session", wiki kadhaa kabla ya kipindi cha kawaida chenye maswali ya kuchagua jibu, na ni kweli kwamba desturi ya insha ya hoja kwa Kifaransa haipendi "je" isimame mbele ya kila wazo. Lakini desturi si katazo, na zipo mada ambazo zinamtaka mwandishi ajitokeze mwenyewe. Anayejua sababu ya desturi hiyo ataamua vizuri katika Kifaransa na katika Kiswahili, hata mbele ya mada ambayo hakuwahi kuifanyia mazoezi.

Hatua ya kwanza ni kusoma kitenzi cha swali kabla ya kuivamia mada. Swali linaloanza kwa "racontez", au kwa Kiswahili "simulia tukio ulilolishuhudia", limekwisha kukuchagulia: aliyeshuhudia ni wewe, na kujificha nyuma ya "mtu mmoja aliona" ni kukataa kujibu. Barua nayo haina mjadala: ni nafsi ya kwanza. Swali la "discutez", "commentez", "jadili" au "fafanua" linataka hoja zipimwe, na hoja hupimwa vizuri zaidi katika nafsi ya tatu. Linalowatega wengi ni "qu'en pensez-vous ?" (unaonaje?), kwa sababu linamwelekea mtahiniwa uso kwa uso, naye hudhani ameamriwa kuanza kila sentensi kwa "je pense que" (nafikiri kwamba). Swali hilo linataka msimamo, na msimamo hutamkwa mara moja mwishoni mwa utangulizi, ukarudiwa kwa ufupi katika hitimisho. Katikati yake zinasimama sababu, ambazo zikiwa na nguvu hazihitaji kusemewa na mtu.

Baada ya hapo ndipo linakuja jambo ambalo, kwa maoni ya anayeandika mistari hii (na tazama jinsi maneno hayo yanavyochusha, usiyaandike kamwe katika karatasi ya mtihani), linasahauliwa sana darasani. Nafsi ya kwanza ina kazi mbili zisizofanana. Kazi moja ni ya shahidi: "nilimwona mama akihesabu magunia", "tulikaa siku nne bila umeme". Kazi ya pili naiita ya mwavuli: "mimi naona", "nafikiri", "kwa maoni yangu binafsi", maneno ambayo mwandishi huyafungua juu ya wazo lake ili msahihishaji asilinyeshee. Kipimo cha kuzitofautisha ni kufuta na kusoma kilichobaki. Katika "kwa maoni yangu mimi binafsi naona kwamba elimu ni muhimu", ukifuta mwanzo inabaki "elimu ni muhimu", na hakuna kilichopotea isipokuwa mwandishi aliyejitaja mara nne. Zaidi ya hayo, sasa inaonekana wazi kwamba wazo lenyewe ni jepesi na linahitaji sababu. Katika "nilimwona mama akihesabu magunia", ukifuta "nilimwona" ushahidi unabaki bila mwenyewe. Shahidi abaki, mwavuli ufungwe.

Nichukue mfano mmoja kwa karibu. Mada ya zoezi ilikuwa kama makala yanafaa kukatazwa mjini (makala ya mbabula, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita mkaa, si makala ya gazeti), na mwanafunzi mmoja akaniletea aya hii: "Mimi naona makala yanamaliza misitu. Mtu akikata miti kila siku tutabaki na vumbi tu. Ukienda barabara ya Likasi utaona magunia yamepangwa. Wanasema serikali inapaswa kuleta umeme, na sisi tunaomba ifanye hivyo."

Sentensi ni nne, nafsi ni tano: ni, a, tu, u na wa. Kila sentensi ikisomwa peke yake haina kosa la sarufi, ndiyo maana mwanafunzi hakuliona tatizo. Lakini msomaji anayeifuata aya nzima anabadilishiwa mwenzi wa mazungumzo kila baada ya nukta. Huyo "mtu" anayekata miti ni nani, mchomaji au mteja? "Sisi" tunaobaki na vumbi ndio sisi tunaoomba umeme? Na msahihishaji, ambaye pengine hajawahi kupita barabara ya Likasi, anaambiwa "ukienda" kana kwamba amealikwa safarini.

Tuliiandika upya kwa nafsi ya tatu: "Uchomaji wa makala unapunguza msitu wa miombo unaouzunguka mji. Mti unaoangushwa kwa asubuhi moja huchukua miaka mingi kukua tena, na magunia yanayopangwa kando ya barabara ya Likasi yanaonyesha ukubwa wa biashara hiyo. Hata hivyo, kukataza makala pale ambapo umeme hukatika ni kuzinyima familia moto wa kupikia bukari." (Bukari ndiyo ugali.) Angalia kilichotokea katika sentensi ya mwisho. Ombi la "sisi tunaomba" lilipoondolewa paliachwa pengo, na pengo hilo likamlazimisha mwanafunzi kutafuta hoja ya upande wa pili, ambayo ndiyo kitu hasa ambacho swali la kujadili linakitafuta. Kisha akauliza kama anaweza kuongeza kwamba kwao Katuba, umeme ulipokosekana siku nne, gunia moja liligawanywa kwa nyumba tatu. Nikamwambia aongeze, tena kwa "kwetu", kwa sababu hapo ni shahidi. Sentensi moja ya aina hiyo ndani ya aya ya nafsi ya tatu haivunji chochote, mradi isimame kama mfano wa hoja na aya irudi mara moja kwenye nafsi yake.

Ugumu wa pekee kwa mwandishi wa huku kwetu ni kwamba anapita kati ya lugha tatu, na kila moja ina namna yake ya kumficha msemaji. Katika Kiswahili chetu cha nyumbani tunasema "banasemaka", na hiyo "ba" haimtaji mtu yeyote; ndiyo "on dit" ya Kifaransa kabisa. Mwanafunzi akiivalisha sare ya Kiswahili sanifu inakuwa "wanasema", na msomaji wa karatasi huanza kuwatafuta hao wanaosema. "Inasemekana" inaondoa watu, lakini pia inaondoa uzito, kwa kuwa inanuka uvumi. Dawa iliyo bora ni kumtaja msemaji kwa jina la kundi lake: wachomaji wanasema, akina mama wa sokoni wanasema, madaktari wanasema. Asipopatikana wa kutajwa, huenda wazo hilo halikustahili kuingia.

Kiswahili kina njia nyingine nzuri ya kukaa katika nafsi ya tatu bila kuwataja watu kila mara, nayo ni kukifanya kitendo chenyewe kiwe kiima: uchomaji, ukataji, upungufu, ongezeko. Kiambishi "hu-" kinafaa kwa mambo ya kawaida yanayorudiarudia, na "inafaa", "ni wazi kwamba" au "kuna" hufungua sentensi bila mwavuli wowote. Kauli ya kutendwa itumiwe kwa kiasi, kwa maana aya yenye "imefanywa", "ilisemwa" na "itachukuliwa" kwa mfululizo inasomeka kama ripoti ya mtu anayekwepa lawama. Kuhusu "ukienda utaona", badala yake kuna "anayekwenda huona", ambayo inasema jambo lile lile bila kumshika msahihishaji mkono. Mwongozo huu wenyewe unasema "wewe" kwa sababu kazi yake ni kumwelekeza mtu. Insha ya hoja haina kazi hiyo.

Katika Kifaransa hatari iko kwenye "on" na "nous" (sisi). "On" hukubaliwa katika insha ikimaanisha watu kwa jumla, lakini haivumilii kuchanganywa na "nous" katika sentensi moja, kosa ambalo hutoka moja kwa moja katika mazungumzo. "Nous" ya unyenyekevu, ambayo mwandishi mmoja huitumia badala ya "je", ina mtego wake wa tahajia: kwa kuwa aliye nyuma yake ni mtu mmoja, huandikwa "nous sommes convaincu" (tumesadiki), bila s mwishoni, na msichana ataandika "convaincue". Kwa mtahiniwa wa sekondari sishauri kuitumia sana. "Il convient de" (inafaa), "il est vrai que" (ni kweli kwamba) na jina la kitendo vinatosha. "Sisi" ya Kiswahili nayo itumike tu pale ambapo kundi limetajwa kwanza, yaani "sisi wanafunzi" au "sisi wakazi wa Ruashi", na kitenzi kifuate kundi hilo: sisi wanafunzi tunasoma, si wanasoma.

Katika masimulizi mizani inabadilika, na sababu iko katika sarufi ya Kiswahili. Kifaransa kinatofautisha "il" na "elle", ilhali "a-" yetu ni ya mwanamume na mwanamke sawasawa. Kwa hiyo sentensi kama "Alimwambia kwamba atarudi kabla ya jioni", ikiwa hadithi ina kaka na dada, haisemi nani atarudi. Anayechagua nafsi ya tatu katika hadithi ya Kiswahili akubali tangu mwanzo kutaja majina au vyeo vya ukoo mara kwa mara: kaka alimwambia dada kwamba yeye dada ndiye atakayerudi. Nafsi ya kwanza inaondoa nusu ya utata huo, kwani "nilimwambia kwamba nitarudi" haiwezi kusomwa vingine. Lakini inadai malipo: huwezi kusimulia yale ambayo hukuyaona wala kuambiwa. Mtahiniwa aliyeanza na "nililala usingizi mzito" hawezi kutueleza, katika sentensi inayofuata, mwizi alipitia dirisha gani. Mada ikitoa sentensi ya kuanzia, nafsi ya sentensi hiyo ndiyo yako hadi nukta ya mwisho.

Mahali ambapo hata wanafunzi hodari huteleza ni hitimisho. Kurasa mbili za nafsi ya tatu iliyotulia hufungwa ghafla kwa "Wakongo wenzangu, tuamke, tushikamane!" Ninaelewa linakotoka, tumelelewa na hotuba na mahubiri. Hata hivyo, wito haujibu swali la kujadili. Kama kuna jambo la kufanywa, litajwe pamoja na anayepaswa kulifanya: "Mji unahitaji umeme wa kudumu kabla ya kukataza makala" inasema zaidi ya tuamke kumi.

Dakika kumi za mwisho zitengwe kwa ajili ya nafsi peke yake, bila kusahihisha kitu kingine. Katika Kiswahili ni kazi nyepesi, kwa kuwa nafsi hukaa kichwani mwa kitenzi: pitisha kidole juu ya silabi ya kwanza ya kila kitenzi, ukitafuta ni, u, a, tu, m na wa, na kila inapotokea nafsi ngeni simama uulize imeingia kwa ruhusa ya nani. Katika Kifaransa zungushia penseli kila kiwakilishi ukiwa bado kwenye karatasi ya rasimu. Mimi nilifundishwa hilo na mwalimu wangu wa mwaka wa sita, ambaye hakuniandikia maelezo yoyote kando ya aya yangu ya tatu isipokuwa maneno mawili kwa wino mwekundu: "Qui parle ?", yaani nani anasema? Aya hiyo ilikuwa na "on" tatu, "nous" mbili na "je" moja. Karatasi bado ninayo, na hadi leo nikiisoma siwezi kumjibu.