Navigesheni ikigoma baada ya apdeti: nilivyoifufua yangu

Saa mbili usiku, apdeti ya navigesheni yangu, kile kifaa cha kunionyesha njia garini, imefika asilimia 71, umeme ukakatika mtaa mzima. Laptopu ya mpwa wangu, niliyokuwa nimekichomeka kifaa humo, betri yake ilishakufa zamani, inaishi kwa waya wa ukutani tu, kwa hiyo nayo ikazima papo hapo. Asubuhi nakiwasha kifaa changu: nembo inatokea, inapotea, inatokea tena, kama mtu anayepiga miayo.

Mimi ni dereva wa gari la kukodi hapa Tanga, nina Noah. Kifaa chenyewe ni kile kidogo cha kubandika kwenye kioo cha mbele, alichoniachia mgeni mmoja tuliyezunguka naye wiki nzima. Usiniulize kwa nini situmii simu, natumia pia. Lakini simu ndiyo ya kupokelea wateja, na ukiiweka juu ya dashibodi jua la saa saba njia ya Pangani, inachemka mpaka inajizima. Tena ukishapita Muheza ukaanza kupanda Amani, mtandao unakuja na kuondoka, wakati setilaiti hazina habari na minara ya mtu.

Kabla hujabonyeza chochote, jiulize apdeti ilikatikia wapi, maana ndani yake kuna vitu viwili. Kuna programu ya kifaa chenyewe, ile inayokiamsha, nayo ni ndogo. Halafu kuna ramani, mzigo mkubwa unaoweza kufika gigabaiti kadhaa. Ikikatikia kwenye ramani, kifaa kinawaka vizuri ila barabara hazipo: mshale wako unaelea kwenye kijivu kitupu, labda umeachiwa barabara kuu peke yake, Ngamiani yote imefutika na barabara zake za namba. Hilo ni jepesi. Ikikatikia kwenye programu ndipo kinapopiga miayo kama changu, au kinabaki cheusi tii. Hilo nalo mara nyingi linatibika. Fundi akikwambia "imekufa hii" bila kuuliza ilikatikia wapi, mshukuru, chukua kifaa chako uondoke. Mimi niliambiwa elfu arobaini za kuflashi, yaani kuweka programu upya, kabla jamaa hajakichomeka hata kwenye waya. Mwenzangu wa kijiweni alizitoa, akarudishiwa kifaa kinachowaka vizuri sana na hakina ramani hata moja.

Anza na chaji. Betri ya kifaa kilichokaa miaka mingi imechoka, na ukishinda unakiwasha na kukizima unaimaliza kabisa. Kinachoonekana kama programu mbovu kumbe ni njaa. Kichomeke kwenye chaja ya ukutani, si kwenye laptopu. Tundu la kawaida la USB la laptopu za zamani linatoa nusu ampia, chaja ya ukutani inatoa ampia 1 au zaidi. Kiache saa mbili bila kukichungulia. Vipo vifaa ambavyo vikiona chaja ngeni vinadhani vimeunganishwa na kompyuta, vinaonyesha picha ya kompyuta kwenye kioo. Usihangaike, moto unaingia.

Na waya. Hapa nilipoteza nusu siku. Kila nikichomeka, laptopu haioni kitu.

"Mjomba, huu waya umeutoa wapi?"

"Ulikuja na ile spika ndogo."

"Ndiyo maana."

Waya wa data una nyuzi nne ndani, mbili za umeme na mbili za kupitisha mafaili. Waya nyingi zinazokuja na spika na tochi zina zile mbili za umeme tu. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Njia ya kujua ni kujaribu waya huohuo kwenye kitu kingine kizima, kamera kwa mfano. Kompyuta ikikiona, waya ni mzima. Na chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, achana na vile vigawio vya matundu manne.

Chaji ikishaingia, toa memori kadi kama ipo, kisha shikilia kitufe cha kuwashia huku ukihesabu mpaka thelathini, polepole, usiachie. Vingine vina kitundu kidogo nyuma. Ile pini ya kutolea laini ya simu inaingia vizuri. Huku ni kukiamsha tu, hakufuti kitu. Usichanganye na kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani, kunakofuta sehemu zako zote ulizohifadhi. Kifaa kikiwaka bila kadi na kikagoma ukiirudisha, umeshajua mgonjwa ni nani.

Kama bado kinapiga miayo, hamia kwenye kompyuta. Vifaa vingi vina namna ya kuviwasha kwa dharura ili vikubali kupokea programu upya: unashikilia kitufe fulani, au kona ya kioo, huku unachomeka waya. Changu ni kona ya juu kushoto, nikabana kwa kidole gumba kama dakika moja nzima, mpwa wangu ameshika laptopu, mimi jasho linanitoka. Chako kinaweza kuwa tofauti. Tafuta kwenye mwongozo wa modeli yako hasa, ile namba iliyoandikwa kwa maandishi madogo mgongoni, wala usikubali programu ya modeli "inayofanana". Programu ya modeli nyingine ndiyo inayoviua vifaa hivi kweli.

Kikitokea kama diski, tulia. Kompyuta inaweza kukwambia kwamba diski hii lazima ifomatiwe kwanza, yaani ifutwe yote. Kataa! Hapo ndipo mafundi wa haraka wanapobonyeza ndiyo. Ukiweza kuona mafolda, nakili kila kitu, hata usichokijua, ukiweke kwenye folda moja ya laptopu yenye tarehe ya leo. Hasa tafuta mafaili yanayoishia na .gpx, maana mara nyingi humo ndimo zinamokaa sehemu ulizohifadhi. Ukimaliza kunakili, ndipo ukague makosa ya diski. Kwenye Windows unafungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, unaandika chkdsk, herufi ya diski yako, halafu /f. Kama kifaa ni E, inakuwa chkdsk E: /f. Yangu ilikuta vipande kadhaa vya faili la ramani vimetawanyika, ikavikusanya.

Sasa kabla ya kurudia apdeti, tazama nafasi. Sababu ya pili ya apdeti kugoma, ukiacha umeme, ni ramani mpya kuwa nene kuliko kumbukumbu ya kifaa. Ramani haipungui mwaka hadi mwaka, na kifaa cha zamani chenye gigabaiti 2 hakikui. Chagua eneo dogo, mimi nachukua Afrika Mashariki tu, mwisho wangu ni Horohoro, Ulaya naifanyia nini? Au weka ramani kwenye memori kadi. Kadi iwe ya gigabaiti 32 au chini yake. Kubwa kuliko hapo hutoka dukani na mpangilio ambao vifaa vingi vya zamani havisomi. Ifomati kwa FAT32, ukikumbuka kwamba mpangilio huo haubebi faili moja linalofika gigabaiti 4. Laptopu nayo iwe na nafasi mara mbili ya ramani, kwa sababu inashusha kwanza kisha inafungua mzigo.

Kisha rudia, safari hii kwa adabu: laptopu yenye betri nzima, umeme wa ukutani juu yake, na mpangilio wa kujizima ikiachwa uondolewe. Bando litoshe mpaka mwisho na kubaki. Usianze na gigabaiti 2 ukitegemea utaongeza njiani. Mimi nilikwenda kwa dada yangu Chumbageni, kompyuta yake haina shida ya betri, nikaanza alfajiri wakati intaneti ina kasi. Programu ilichukua dakika chache. Ramani, saa moja na robo. Ule mstari ulisimama asilimia 90 karibu dakika kumi, nikajizuia kwa kunywa chai. Usichomoe kwa sababu mstari umesimama. Subiri angalau nusu saa.

Kimewaka, lakini hakijui kilipo? Hilo ni la kawaida. Kifaa kinahitaji kusikia setilaiti zisizopungua nne, zilizoko kama kilomita 20,200 juu, na apdeti mara nyingi inafuta kumbukumbu ya zilipo. Kupokea orodha nzima ya setilaiti hizo kutoka angani huchukua dakika 12 na nusu. Liegeshe gari pa wazi, mbali na mabati ya gereji na miembe, usilisogeze dakika ishirini. Mimi huenda ufukweni Raskazone, mbele bahari tupu, juu mbingu tupu.

Kama tarehe imerudi nyuma karibu miaka 20, saa ya gari lako haina kosa. GPS, mfumo wa setilaiti hizo, huhesabu wiki tangu Januari 6, 1980, na hesabu yake ya kawaida inaishia wiki 1,024 kisha inaanza upya sifuri. Ilifanya hivyo Agosti 1999 na Aprili 2019. Kifaa kikionyesha hivyo, pengine kilichoingia ni ramani peke yake. Programu bado ni ya zamani, irudie.

Wenye redio zenye navigesheni zilizokuja na gari kutoka Japani, mengi ya hapa hayawahusu, ila moja: apdeti ikigoma, usikimbilie kuchomoa betri ya gari. Baadhi zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri au kadi yake ya asili, ambayo pengine ilibaki hukohuko Yokohama.

Safari ya majaribio iwe njia unayoijua. Nilitoka Chumbageni hadi Pongwe na kurudi, nikiisikiliza kama inanidanganya. Iliniambia nikate kulia pale ninapokata kulia siku zote. Nikarudisha lile faili la .gpx, sehemu zangu zikapangana upya: hoteli za Lushoto, geti la Amboni, nyumbani kwa mama. Iliyokosekana ni moja tu, duka la mkaa la Kange, ambalo hata hivyo lilishafungwa.