Jinsi ya kutumia Gmsh katika programu ya biashara yenye msimbo uliofungwa

Mhandisi anayeandika programu ya kukokotoa uimara wa boriti au usambaaji wa joto hulazimika kwanza kuligawa umbo la kitu katika maelfu ya vipande vidogo vya pembetatu au vya nyuso nne, yaani kulitengenezea wavu, na kazi hiyo ni ngumu kiasi kwamba wachache huthubutu kuianza wenyewe. Wengi huchukua Gmsh, programu ya kutengeneza wavu ya Christophe Geuzaine na Jean-François Remacle, ambayo hupakuliwa bila malipo. Anayekusudia kuuza programu yake bila kutoa msimbo chanzo anapaswa kusoma leseni ya Gmsh kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kwa sababu namna atakavyoziunganisha programu hizo mbili ndiyo itakayoamua anadaiwa nini, na kubadilisha muundo huo baadaye ni gharama kubwa.

Gmsh inatolewa chini ya leseni ya programu huria iitwayo GPL (General Public License), toleo la 2 au la baadaye. GPL haikatazi biashara hata kidogo. Inachotaka ni kwamba ukimpa mtu mwingine programu iliyojengwa pamoja na Gmsh, basi programu nzima iwe chini ya GPL na aliyeipokea aweze kupata msimbo chanzo wake wote. Wajibu huo huanza pale unaposambaza. Kampuni inayoitumia ndani ya ofisi zake tu haidaiwi kitu. Vilevile wavu unaotoka, yaani faili la .msh, haubebi GPL, hivyo mshauri anayemuuzia mteja matokeo ya ukokotoaji hana sababu ya kuhofu.

Kosa linalojirudia zaidi linahusu lugha ya Python. Mtu huandika «pip install gmsh», kisha «import gmsh», akaamini kwamba kwa kuwa hakugusa msimbo wa C++ basi hajaunganisha chochote. Ukweli ni kwamba moduli hiyo hupakia maktaba ya Gmsh ndani ya mchakato uleule wa programu yake, na Free Software Foundation, shirika lililoandika GPL, linashikilia kwamba kuunganisha maktaba kwa namna hiyo huunda kazi moja, iwe maktaba imeingizwa wakati wa kujenga programu au wakati wa kuiendesha. Wengine hujitetea kwa kipengele cha ziada kilichomo katika leseni ya Gmsh, kinachoruhusu kuiunganisha na programu nyingine, lakini kipengele hicho kinazitaja programu za Netgen, METIS, OpenCASCADE na ParaView peke yake.

Njia iliyo salama zaidi ni kuiacha Gmsh iwe programu inayojitegemea. Programu yako iandike umbo katika faili la .geo, iiendeshe Gmsh kwa amri kama «gmsh -3 boriti.geo -o boriti.msh», isubiri imalize, kisha isome faili lililotoka. FreeCAD, programu ya kusanifu maumbo, ingawa yenyewe ni huria, huiita Gmsh kwa namna hiyo katika sehemu yake ya uchambuzi wa miundo. Hata hivyo, Free Software Foundation linaonya kwamba programu mbili zinazobadilishana miundo changamano ya data ya ndani kwa ukaribu mno zinaweza kuhesabiwa kuwa moja, kwa hiyo ningeshauri mawasiliano yabaki kwenye mafaili ambayo mtu yeyote angeweza kuyaandika na kuyasoma bila programu yako.

Ukiiweka Gmsh ndani ya kifurushi unachomuuzia mteja, unakuwa msambazaji wake, na GPL inakuhusu kwa sehemu hiyo. Weka nakala ya leseni, pamoja na msimbo chanzo wa toleo lilelile ulilolitoa na mabadiliko yako yote, au ahadi ya maandishi ya kuutoa itakayodumu angalau miaka 3. Mimi ningeweka msimbo wenyewe kando ya kifurushi, kwa kuwa ahadi husahaulika wafanyakazi wanapobadilika. Hakikisha pia kwamba mkataba wako na mteja haumzuii kunakili wala kurekebisha Gmsh. Amri ya «gmsh -info» itakuonyesha toleo, leseni na vipengele vilivyojengwa ndani yake.

Iwapo ni lazima maktaba iwe ndani ya programu yako, waandikie waandishi wa Gmsh, ambao wanasema wazi kwamba matumizi ya aina hiyo yanahitaji leseni tofauti. Waeleze utaisambaza kwa nani na kwa namna gani, na tenga bajeti ya jambo hilo kama unavyotenga ya kompyuta, kwa sababu kazi yao inastahili. Unaweza pia kuchagua Netgen ya Joachim Schöberl, ambayo nayo hutengeneza wavu na iko chini ya LGPL 2.1, leseni iliyo nyepesi kuliko GPL: hiyo inaruhusu programu iliyofungwa kuiunganisha, mradi utoe msimbo wa Netgen yenyewe, mteja aweze kuibadilisha kwa toleo alilorekebisha, na usimkataze kuchunguza programu yako kwa ajili ya marekebisho hayo.

Usidhani maktaba nyingine zote ni nyepesi. Vifurushi vya wavu vya CGAL viko chini ya GPL, na leseni yake ya biashara huuzwa na GeometryFactory ya Ufaransa. Triangle ya Jonathan Shewchuk haiwezi kusambazwa ndani ya bidhaa ya biashara bila makubaliano na mwandishi mwenyewe. TetGen ya Hang Si, kuanzia toleo la 1.5, iko chini ya AGPL, aina kali zaidi ya GPL, ambayo humfikia hata mwenye kuijenga ndani ya huduma inayotumiwa kupitia mtandao, hivyo kuificha kwenye seva hakusaidii. Matoleo yake ya awali yalikuwa na masharti mengine. Kwa hiyo kila maktaba unayoichukua, hifadhi faili la leseni lililokuja na toleo hilohilo, pamoja na namba ya toleo na tarehe uliyolipakua.