Namna ya Kuandika Kumbukumbu za Wazee Kuhusu Maisha ya Kila Siku Mbeya

Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, enzi za uchimbaji wa dhahabu huko Lupa, Chunya, na leo ni jiji ambalo nyumba zake zinapanda miteremko ya mlima Loleza na kuenea hadi Uyole. Habari za migodi na barabara zimeandikwa. Lakini namna watu walivyochota maji, walivyofua na walivyokwenda sokoni ingali vichwani mwa wazee, nao wanazidi kupungua. Kazi hii haifai kuahirishwa.

Ukishamwamkia mzee na kujuliana hali, mweleze unachotaka, na umwombe ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi. Usianze kwa kuuliza maisha ya zamani yalikuwaje, kwa sababu utajibiwa kwamba yalikuwa mazuri, na mazungumzo yataishia hapo. Uliza juu ya kitu kimoja kinachoshikika. Kwa mfano, mwulize bibi kwamba sabuni ilipoadimika madukani mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo za watoto zilifuliwa kwa kutumia kitu gani. Akitaja majani ya mpapai, usikimbilie swali jingine: aliyachuma kwa nani, aliyapondaje, na shati jeupe la shule lilitoka na rangi gani? Hapo ndipo foleni ya duka la ushirika, jirani aliyegawa sukari na baridi ya Julai asubuhi bombani vitakapojitokeza vyenyewe.

Wazee wengi hawakumbuki mwaka, ila wanakumbuka tukio. Uliza kama jambo lilitokea kabla ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, au baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kama miguu inamruhusu, tembeeni pamoja katika masoko ya Sokomatola au Mwanjelwa, maana mahali huamsha mambo ambayo maswali ya sebuleni hayayafikii.

Andika siku hiyohiyo, kwa maneno yake, pamoja na yale ya Kinyakyusa au Kisafwa yanayomponyoka. Wazee wawili wakipishana, andika kauli zote mbili bila kuwapatanisha. Mwisho, msomee mzee ulichoandika, uondoe jina lolote ambalo hataki litajwe, kisha uwaachie wanawe nakala iliyochapwa, kwa sababu simu hupotea.