Umetolewa bandama? Fuata hatua hizi, maana homa kwako sio homa ya kawaida tena

Mimi ni muuguzi wodi ya upasuaji hapa Mwanza, na wanaotolewa bandama kwa ghafla wengi ni vijana wa ajali za bodaboda, anaingia usiku tumbo limejaa damu, anafanyiwa oparesheni, bandama inatolewa kwa sababu imepasuka vibaya, baadae anaruhusiwa kidonda kikiwa safi na nyumbani wote wanasema kashapona. Kidonda kweli kimepona. Ila damu yake haina tena chujio lake, na kuna bakteria wenye ganda, wa nimonia hasa, halafu wa homa ya uti wa mgongo na wale wa Hib (bakteria wengine wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, hasa kwa watoto), ambao bandama ndo ilikuwa inawakamata. Sasa hivi wakiingia kwenye damu wanaweza kumuua mtu mwenye nguvu zake ndani ya siku 1 au 2. Hatari ni kubwa zaidi ile miaka 2 au 3 ya mwanzo lakini haiishi, aliyetolewa miaka 20 iliyopita bado yumo.

Hatua ya 1: hakikisha imeandikwa
Kabla hujatoka wodini muulize daktari, imetolewa yote au imeshonwa? Iandikwe kwenye fomu ya kuruhusiwa, ipige picha ikae kwenye simu. Halafu tengeneza kadi, hata ya kuandika kwa mkono ukaifunika na nailoni, iandikwe hivi: "SINA BANDAMA. Nikiwa na homa nianzishiwe antibayotiki ya mshipa mara moja." Weka tarehe ya oparesheni, chanjo ulizopata, aleji kama unayo, na namba ya ndugu. Ikae kwenye pochi, sio kabatini.

Hatua ya 2: chanjo
Kama oparesheni ni ya kupangwa, mfano bandama iliyovimba kwa kichocho, chanjo zichomwe angalau wiki 2 kabla. Kama ilikuwa ya dharura basi kuanzia siku ya 14 baada. Ila kama mtu anarudi zake kisiwani Ukara na unaona kabisa hatorudi, bora achanjwe kabla hajaruhusiwa, wenzangu wa wodini hilo naomba mlishike.

Ya nimonia ziko mbili, unaanza na PCV, angalau wiki 8 baadae PPSV23, na hii inarudiwa baada ya miaka 5. Kuna Hib, kuna ya homa ya uti wa mgongo ambayo nayo ina kurudiwa kila miaka 5, na ya mafua kila mwaka ikipatikana. Watu wazima msiseme "nilichanjwa utotoni", Hib imeingia kwenye chanjo za watoto wetu 2009 na ya nimonia 2013, wewe ulishakua. Ya uti wa mgongo haimo kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki, kwahiyo ulizia wanapochanjwa mahujaji, maana wanaokwenda Makka ni lazima wawe nayo.

Hatua ya 3: kidonge cha kila siku
Wengi wanapewa pensilini V, mtu mzima kawaida 250 mg asubuhi na jioni, mtoto anapimiwa kwa umri. Mwenye aleji ya pensilini anapewa nyingine kama erithromaisini. Wengi wanaambiwa miaka 2 isiyopungua, wengine maisha yote, daktari wako ndo anaamua, usiache mwenyewe kwa sababu unajisikia vizuri.

Hatua ya 4: dawa ya akiba
Omba uandikiwe dozi ya kukaa nayo, mara nyingi amoksilini au amoksiklavu. Kama unakwenda kambi ya uvuvi unaondoka nayo, maana ukiugua usiku kisiwani feri haiji kukuchukua saa hiyo. Angalia tarehe ya kuisha.

Hatua ya 5: homa ikija
Hapa ndo penyewe. Joto likifika 38, au unatetemeka kwa baridi, au unatapika na mwili umelegea ghafla hata kama joto sio kali, meza dawa ya akiba hapohapo kisha anza safari. Usimeze panadol ukalala usubiri kukuche, panadol inashusha joto tu, bakteria haiwagusi. Muamshe jirani mwenye chombo. Ukifika mapokezi usikae foleni, toa kadi useme "Dada, sina bandama na nina homa, naomba nionwe sasa hivi." Watachukua damu ya kuotesha, yaani kuangalia ni bakteria gani wamo, kama kipimo kipo, lakini sindano, mara nyingi seftriaksoni, isisubiri majibu.

Sasa huku kwetu kanda ya ziwa kuna mtego mmoja. Unapimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, kinasoma ndiyo, kila mtu anapumua, unapewa mseto unarudishwa nyumbani. Jamani hapana. Mtu anaweza kuwa na malaria na bakteria kwa pamoja, na asiye na bandama hata vimelea vilivyokufa vinachelewa kutoka kwenye damu kwahiyo kipimo kinaweza kuendelea kusoma malaria wakati ilishatibiwa. Na malaria yenyewe kwako inageuka kali haraka. Unatibiwa vyote viwili, na unalazwa uangaliwe.

Hatua ya 6: nyumbani
Chandarua chenye dawa kila usiku, hata kambini. Ukiumwa na mbwa, hata mkwaruzo, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 uende hospitali siku hiyohiyo, sio kwa ajili ya kichaa cha mbwa peke yake, mate ya mbwa yana bakteria hatari sana kwa asiye na bandama.

Na wazazi wenye watoto wa sikoseli, haya yote yanawahusu hata kama mtoto hajawahi kupasuliwa, kwa wengi bandama inakuwa imeshakufa kabla ya miaka 5, kwahiyo ulizeni kliniki kuhusu pensilini na chanjo mapema, na homa yake muichukulie hivihivi.