Ukitaka santuri za promo adimu, fuata njia zilikopita

Wengi wakianza kutafuta promo wanakimbilia madukani, afu wanashangaa mbona hawapati kitu. Promo haikutengenezwa iuzwe, kampuni ilikuwa inachapa kopi chache kabla ya santuri kutoka rasmi inazituma kwa redio, madijei wa klabu na waandishi wa muziki, basi. Kwa hiyo jiulize kwanza hii ilitumwa kwa nani, na mzigo wa huyo mtu umeishia wapi.

Jifunze kuitambua kwa macho. Za Marekani mara nyingi lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri, ni nyeupe badala ya rangi ya kawaida ya kampuni, na imeandikwa “Not For Sale”. Zile 45 (santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande) za miaka ya 70 utakuta wimbo mmoja umerudiwa pande zote, upande huu mono kwa redio za AM, ule stereo kwa FM. Za Uingereza miaka ya 60 angalia herufi A kubwa kwenye lebo, na nyingi zina tarehe ya kutoka kabisa. Kuna wanaoogopa hayo maandishi ya “hairuhusiwi kuuzwa”, ila mahakama ya rufaa Marekani iliamua 2011 kwenye kesi ya CD za promo za kampuni ya muziki ya Universal kwamba aliyetumiwa bila kuomba anaweza kuiuza, kwa hiyo huko biashara iko wazi.

Kama unapenda disko hapa ndo pana utamu. Single za inchi 12, yaani santuri kubwa yenye wimbo mmoja mrefu badala ya albamu, zilianza kama promo za madijei tu, mpaka 1976 kampuni ya Salsoul walipouza “Ten Percent” ya kundi la Double Exposure madukani. 1975 dijei David Mancuso na wenzake New York walianzisha umoja wa madijei wa kupokea na kugawana promo, na miji mingine ikafuata. Maana yake promo nyingi za disko zilikaa majumbani kwa madijei. Wazee hao wakihama au wakifariki, familia inauza zote kwa mkupuo kwa mwenye duka la santuri za mitumba, sasa we zoeana na huyo mwenye duka, mwambie santuri za kampuni gani unatafuta, akuite kabla hajazipanga. Redio nazo zilipohamia CD zilimwaga maktaba nzima, usikimbie kopi yenye muhuri wa kituo au dakika zimeandikwa kwa peni, mi naipenda zaidi kwa sababu hiyo ndo historia yake. Ukiwa Ulaya nenda maonyesho makubwa ya santuri, fika asubuhi na uanze na maboksi ya chini ya meza.

Mtandaoni, kwenye Discogs (tovuti ya kuorodhesha na kuuza santuri) chuja kwa “promo”, weka unazotaka kwenye wantlist, yaani orodha ya unazotafuta, upate taarifa ikitokea, na kabla ya kulipa soma bei zilizowahi kuuzwa, sio bei muuzaji anayoota. Tovuti ya Popsike ina kumbukumbu za minada ya santuri. eBay andika pia “demo”, “DJ copy”, “white label”, na majina yaliyokosewa spelingi, maana muuzaji asiyejua alichonacho hakiandiki vizuri.

Mwisho feki, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Promo ya mwimbaji wa soul Frank Wilson ya 1965, “Do I Love You”, kopi zinazojulikana ni za kuhesabu na 2009 moja iliuzwa zaidi ya pauni 25,000, hela kama hiyo lazima iwavute wachapaji wa feki kwenye soul adimu. Omba picha ya ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo, pale pamechorwa namba za kiwandani, linganisha herufi kwa herufi na kopi iliyothibitishwa, angalia pia kama zimechorwa kwa mkono au zimegongwa kwa muhuri. Muuzaji akizungusha kutuma hiyo picha achana naye, hata bei iwe tamu vipi.